Akili ya baba yako iko palepale

Mwanangu Neema,

Umeuliza kama tumlete baba yako Dar kwa mazoezi ya kuongea, au aendelee hapa Dodoma. Nitafika huko. Kwanza uelewe kinachomsumbua, maana hata wewe kwenye simu siku hizi unamalizia maneno yake.

Akili yake iko palepale. Mdomo haukupooza: anatafuna, anapuliza uji wa moto. Maneno hayajampotea, ukimpa kalamu anaandika “zabibu” kwa mkono wa kushoto bila kukosea. Kilichoharibiwa na kiharusi ni mpangilio, yaani ubongo kuuelekeza ulimi uende wapi na midomo ifunge lini. Daktari aliita apraksia ya usemi. Leo “sabibu”, kesho “dadibu”. Misuli dhaifu ingekosea vilevile kila mara. Anajua amekosea, midomo inapapasa, anaanza upya. Neno likiwa refu ndiyo shida zaidi. Lakini ukimwamkia “Mbukwenyi” anaitikia, na Baba Yetu anaisali yote, kwa kuwa aliyoyazoea hayahitaji kupangwa upya.

Tangu 1861, daktari Mfaransa Broca alipoandika habari za mgonjwa wake wa Paris aliyetamka “tan” tu huku akielewa anayoambiwa, wataalamu wanabishana mpangilio huo unakaa wapi. Mtafiti Dronkers, mwaka 1996, alitaja sehemu iitwayo insula, iliyojificha ndani ya ubongo upande wa kushoto, wengine wakampinga. Mimi nakaa naye kila siku, na nasema akili yake iko palepale.

Ungekuwepo kwenye kile kikao cha shamba la Mpunguzi! Walimuuliza, akafungua mdomo, haikutoka kitu. Baba yako mdogo akasema, “Kaka amechanganyikiwa, tuendelee.” Mwanangu, nilitetemeka. Baba yako akanivuta kitenge, akaonyesha kalamu ya katibu, akaandika herufi kubwa zilizolala upande: SIUZI. Kikao kizima kimya!

Sisemi baba yako mdogo alikusudia ubaya. Pengine alikuwa na haraka tu. Lakini haraka ya nini, zabibu zenyewe hazijavunwa? Basi, naliacha.

Kuhusu Dar, mazoezi yanasaidia: neno lilelile, polepole, mara nyingi, akitazama midomo ya mwalimu. Treni siku hizi si safari ya kuchosha. Ningesema njooni mumchukue, ila sitamwamulia. Muulize mwenyewe, kisha unyamaze umsubiri. Na upige simu ya video, ili aweze kukuonyesha alichoandika.

Mama yako