Nikisema amina, hofu inarudi

*Shalom Mchungaji. Kila usiku namkabidhi Mungu mambo yangu, lakini nikishasema amina tu wasiwasi unarudi palepale. Je, imani yangu ni haba?*

Hapana, dada yangu. Usiku ule wa Gethsemane Bwana Yesu aliomba mara 3, na Mathayo anaandika kwamba mara ya tatu alirudia maneno yaleyale. Basi wewe kurudi na jambo lilelile mara ya kumi si upungufu wa imani. Hofu ikirudi, irudishe kwa Bwana tena.

Ila nikuulize: unaombaje? Wengi wetu husema "Bwana, nakukabidhi yote", kisha tukalala na hayo yote kifuani. Paulo aliwaandikia Wafilipi akiwa kifungoni, na aliwaambia: "haja zenu na zijulikane na Mungu", tena pamoja na kushukuru. Haja haijulikani mpaka itajwe. Taja deni ni la nani, ni kiasi gani, linadaiwa lini. Taja neno la daktari lililokunyima usingizi. Mungu anayajua hayo. Wewe ndiye ambaye huenda hujayasema hata kwa nafsi yako. Mimi huandika kwenye daftari, jambo moja mstari mmoja, na kando yake kitu kimoja cha kushukuru cha siku hiyohiyo. Ziko siku shukrani haiji upesi. Nakaa hapo mpaka niione.

Halafu angalia Paulo anaahidi nini katika sura ya 4 ya waraka huo, aya ya 7. Hasemi deni litafutwa ifikapo asubuhi. Anasema amani ya Mungu itahifadhi mioyo na nia zetu, na neno alilotumia kwa Kigiriki ni la askari wanaolinda mji. Mlinzi hawekwi mahali pasipo na adui. Kwa hiyo ukisikia hofu inabisha nje, usidhani ulinzi umeondoka.

*Nina watoto wadogo na kazi ya kutwa. Saa nzima ya maombi naitoa wapi?*

Usiitafute, hutaipata, na kuikosa kutakuongezea wasiwasi mwingine. Chagua dakika 5 zisizohama, saa ileile kila siku. Danieli aliposikia kwamba amri ya mfalme ya kuzuia kumwomba Mungu imetiwa sahihi, alipiga magoti mara 3 kwa siku kama alivyozoea. Hakuanza kujifunza kuomba siku ya kutupwa kwa simba. Katikati ya shughuli, omba kama Nehemia: mfalme alimwuliza anataka nini, naye akamwomba Mungu palepale, kisha akajibu.

*Nikipiga magoti maneno hayatoki, nalia tu. Hiyo nayo ni sala?*

Ni sala. Hana aliomba midomo ikicheza bila sauti, hata kuhani Eli akadhani amelewa. Na kuna jambo katika habari yake ambalo tunalipita haraka: alipoinuka pale alikula chakula, wala uso wake haukukunjamana tena. Samweli, mtoto aliyekuwa akimwomba, alikuwa bado hajatungwa mimba. Nyumbani hakuna kilichobadilika, Penina, mke mwenzake aliyemchokoza, alikuwepo vilevile. Aliyebadilika ni Hana, kwa sababu alikuwa ameimimina roho yake mbele za Bwana.

*Wenzangu kanisani wananiambia kutumia dawa za wasiwasi ni kukosa imani. Niache?*

Usiache, na usibadilishe chochote bila kuzungumza na daktari wako. Nabii Elia alipochoka akaomba kufa, chini ya mti wa mretemu, malaika hakumhubiria. Alimwamsha ale mkate na kunywa maji. Elia akalala tena, akaamshwa ale mara ya pili. Mazungumzo yake na Mungu kule mlima Horebu yalikuja baadaye. Luka naye Paulo anamwita "tabibu mpendwa", hakumwambia aache kazi. Na yeyote anayesoma hapa akiwa na mawazo ya kujidhuru: mwambie mtu leo, mwone daktari leo. Tutaomba pia, lakini usisubiri tumalize kuomba.

*Nilimwombea mama miezi mingi apone. Amefariki. Sasa kila mgonjwa ndani ya nyumba ananitia hofu, na sioni sababu ya kuomba tena.*

Pole sana, mwanangu. Sina maelezo ya kwa nini, na wanaokupa maelezo haraka wasamehe tu.

Martha naye alimtumia Yesu habari kwamba ndugu yake anaumwa. Yesu alichelewa, Lazaro akafa. Yesu alipofika, Martha alimwambia usoni: "Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa." Dada yake Mariamu akaja akasema maneno hayohayo. Yesu hakumkemea hata mmoja wao. Alilia.

Hayo hasa ndiyo unayoweza kuanza nayo. Usijilazimishe kusifu, wala usitafute maneno mazuri. Weka jina la mama yako mahali pa Lazaro, umwambie hivyohivyo. Ukishindwa kabisa, niandikie tena, niyaseme mimi kwa niaba yako mpaka utakapoweza.