Jibu: Katibu Mkuu Kiongozi na mkuu wa watumishi wa Ikulu ya Marekani

Mwalimu wa Kondoa, umeuliza kama Katibu Mkuu Kiongozi ni sawa na mkuu wa watumishi wa Ikulu ya Marekani, na kama umwandikie kuhusu daraja lako la kazi. Wanafanana kwa ukaribu na Rais tu. Yule wa Washington ni mtu wa Rais mwenyewe: anaamua nani aingie, karatasi ipi ifike mezani, wala hathibitishwi na Seneti. Wa kwetu Tanzania, nadhani, ana mzigo mzito zaidi. Ni Katibu wa Baraza la Mawaziri, tena kiongozi wa utumishi wa umma, kuanzia makatibu wakuu wa wizara pale Mtumba, mji wa Serikali Dodoma, hadi wewe darasani. Ila barua yako usiipeleke Ikulu ya Chamwino, ndugu yangu. Anza na mkurugenzi wa halmashauri, kupitia kwa mwalimu mkuu wako.