UTI inayojirudia kwa anayetumia ARV

Dada kutoka Kongwa uliyeuliza kama UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) inayokurudia, huku ukijinunulia antibayotiki, inamaanisha ARV (dawa za kufubaza VVU) zimeshindwa: UTI kukurudia si ushahidi wa hilo. ARV kushindwa huonyeshwa na kipimo cha wingi wa virusi, ingawa kinga ikishuka sana, CD4 (seli za kinga) zikiwa chini ya 200, maambukizi ya mkojo huongezeka. Kinachonitia shaka zaidi ni hizo antibayotiki unazojinunulia duka la dawa, kwa sababu mtu aliyemeza kwa muda mrefu Septrin ya kinga (antibayotiki wanayopewa wenye VVU kuzuia maambukizi) huweza kubeba bakteria waliokwisha kuizoea, na hivyo mkojo wako unapaswa kuoteshwa maabara ili kujua bakteria waliomo na dawa inayowaua (najua si kila kituo kinaweza) kabla ya kuanza dawa nyingine. Waeleze wahudumu wa CTC yako (kliniki ya matibabu ya VVU). Ukipata homa, kutapika au maumivu ya ubavuni, nenda hospitali siku hiyohiyo, maana huenda figo, ambazo pia ndizo zinazoitoa tenofovir (mojawapo ya ARV) mwilini, zimeshambuliwa.