Siku arobaini nilizokuwa mgeni

Binti yetu alizaliwa hapa Lamu wakati wa kaskazi. Nilimwadhinia, siku ya saba tukachinja mbuzi wa akika, nikapewa hongera kutoka Langoni hadi Mkomani. Kisha mke wangu akakaa arobaini yake kwao, na mimi nikawa mgeni. Napiga hodi, naletewa chai, nampakata mwana dakika tano. Akilia, nyanyake anamchukua. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inampa baba wiki mbili za likizo yenye malipo. Zangu nilizimalizia barazani, nikicheza dhumna.

Waliporudi nyumbani, mwenzangu alikuwa ameshajua kilio cha njaa na kilio cha usingizi. Mimi sikujua lolote. Nikinyoosha mikono ananiambia, "Wacha, hujui." Alikuwa amechoka tu, lakini mimi nilisikia dharau. Nikaanza kuchelewa kurudi. Kusi lilipoanza kuvuma tulikuwa tukigombana kwa sababu ya chumvi kwenye mchuzi.

Sikudhani ni huzuni, maana sikulia hata siku moja. Baadaye nikajua kwamba sonona ya baada ya uzazi huwapata kina baba pia. Tafiti zilizojumlishwa mwaka 2010 zilikadiria baba mmoja kati ya kumi, zaidi mtoto akiwa na miezi mitatu hadi sita. Kwa wanaume mara nyingi hutokea kama hasira na kukimbia nyumba. Mimi nilikuwa mwezi wa nne.

Jambo jingine, wazee wa barazani hawatalipenda: utafiti wa Ufilipino wa mwaka 2011 ulionyesha kuwa homoni ya kiume hushuka mtu akishakuwa baba, na hushuka zaidi kwa anayemlea mwanawe kwa mikono yake. Mwili wenyewe hubadilika.

Basi usingoje arobaini iishe. Chagua kazi moja iwe yako. Mimi nilimwendea mkwe: "Mama, nifundishe kumwogesha." Alicheka sana, kisha akanifundisha. Nawe dada unayesoma, ukimwachia mumeo mtoto, toka chumbani. Ukisimama mlangoni kumsahihisha, atarudi barazani. Na hasira au huzuni ikizidi wiki mbili, nendeni kituo cha afya, wote wawili.

Jioni ya kwanza peke yangu nililowa kikoi kizima, na mwana akapiga kelele mtaa mzima ukasikia. Mamake alikuwa chumba cha pili, amelala. Hakuamka.