Gunia la pili

Mwanangu,

Ujumbe wako nimesomewa na mdogo wako, miwani yangu imevunjika tena. Unauliza: tajiri wa hoteli kakukata mshahara wa siku tisa, ufunguo wa droo ya pesa unao wewe, je, ukijilipa utakuwa umeiba? Sheikh atakwambia Hind alimshitaki mumewe, Abu Sufyan, kwa ubahili, na Mtume (s.a.w.) akamruhusu achukue cha kumtosha yeye na wanawe, kwa wema. Halafu atakwambia usimhini aliyekuhini. Yote mawili yamo. Mimi nina habari ya karafuu.

Msimu ule ulikuwa bado unabebwa mgongoni. Tulianika siku sita, mama yako akikimbilia majamvi kila wingu likitanda. Zilikauka hata ukizivunja zinalia. Karani wa mizani akatia mkono guniani, hata hakunusa: "Mbichi hizi. Daraja la tatu." Kuuza kwengine, si kwa shirika la serikali, ni magendo, na hilo unalijua. Nikapokea nilichopewa.

Gunia la pili nililinyunyizia maji usiku, nikatia na makonyo, vile vijiti vya karafuu, katikati. Karani yule yule, mkono ule ule: daraja la kwanza! Wallahi nilicheka njia nzima mpaka Mtambwe.

Ila hamali alipolitia begani alininong'oneza, "Mzee, humu mna bahari." Hakunichongea. Tangu siku ile akiniona sokoni huniita "mwenzangu", hata mbele ya mama yako. Nami huitika.

Nimekwambia tangu mdogo, haki idai mchana. Lakini mchana nilikwenda, na mchana huo huo ndio nilioibiwa! Karafuu zilikuwa zangu, jasho langu, nilichorudisha ni changu. Sawa. Na maji je? Gunia lile lilimwagwa ghalani juu ya karafuu za watu walioanika kama mama yako alivyoanika. Hapo ndipo kicheko hunikauka.

Basi nenda Kamisheni ya Kazi, uchukue na karatasi za zamu zako. Haki idai mchana, narudia. Wakikuzungusha, nipigie kabla hujaugusa ufunguo huo. Sikwambii "chukua", na "usichukue" nimeianza mara mbili nikaifuta.

Mama yako anasema niandike "hapana" tu, nifunge. Nimemwambia barua ni yangu.

Baba yako