Wewe unayeanza uzamili wa saikolojia tiba na unasihi

Mwaka wa kwanza nilisoma kila kitu kwa Kiingereza: nadharia za wanasaikolojia Rogers na Beck, vipimo vya sonona (ugonjwa wa huzuni iliyozidi). Nikafaulu. Kisha nikaja Tanga kwa mafunzo kwa vitendo, na mama wa kwanza kukaa mbele yangu akanionesha kwamba sijui kuuliza.

Nilikuwa na dodoso la PHQ-9, la kupima sonona: maswali tisa, kila moja alama 0 hadi 3, jumla 27, na kuanzia 10 unapaswa kumchunguza mtu kwa undani. Nikamsomea moja baada ya jingine. "Alhamdulillah, mwanangu, hakuna tabu." Akapata 2. Alipofika mlangoni akageuka: "Ila usiku silali. Mawazo tu." Nikamrudisha kitini, tukaanza upya bila karatasi. (Mengine yanayomhusu nimeyabadilisha asitambulike. Nawe fanya hivyo hata unapomsimulia mwenzako wa darasani.)

Kwetu pwani mtu akiulizwa hali hujibu njema hata kama jana kafiwa, ndivyo tulivyolelewa. Ukisoma dodoso kwa haraka ya salamu, utajibiwa salamu. Kaa naye kwanza. Kisha yaandike maneno yake kama anavyoyasema: moyo unanienda mbio, mwili hauna raha, nimechoka na dunia. Daftari langu la maneno hayo limenifaa kuliko kitabu chochote. Akikwambia ana jini, usimbishie. Muulize lilianza lini, linamzuia kufanya nini, na nani mwingine anamtibu.

Swali la tisa ni la mawazo ya kufa au kujidhuru. Wengi tunapoanza hulipita mbio, au tunalizungusha kwa aibu. Nakuomba sana usifanye hivyo. "Natamani Mungu anichukue" inaweza kuwa uchovu, na inaweza kuwa mpango. Uliza waziwazi: "Umewahi kufikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo ambalo hakuwa nalo, tafiti zimeonesha hivyo, nami nimeona watu wakishusha pumzi kwa kuwa hatimaye wameulizwa. Akisema ndiyo, uliza kwa njia gani, lini, na hicho kitu kiko wapi sasa. Usimwache peke yake, na msimamizi wako ajue saa hiyo hiyo, si kesho.

Utafiti wako anza kuuombea kibali cha maadili mapema. Sina zaidi la kusema hapo.

Jambo la mwisho nililijua kwa kuchelewa. Tanga mji mdogo. Utakutana na mteja wako mitaa ya Ngamiani, au soko la Mgandini akiwa na mkwewe. Darasani tunafundishwa tusimwanze mteja hadharani, asije akaulizwa tumejuana wapi. Lakini hapa kumpita mtu kimya ni kiburi. Mteja wangu mmoja aliumia kweli, akakosa miadi miwili. Siku hizi nalisema kikao cha kwanza kabisa: "Tukikutana nje, ukinisalimia nitakuitikia kama jirani. Ukinyamaza nami nitanyamaza, wala sitakuwa nimekukasirikia."