Joka lako halikuwatisha

Kaka, unasema wachezaji wako hapo Kisumu walilicheka joka lako lilipotokea katika Dungeons & Dragons, ule mchezo wa kusimuliana hadithi na kurusha dadu. Ulilionyesha mapema mno. Anza na ziwa: usiku ufuoni Dunga, vyura wote wananyamaza ghafla, kamba ya mtumbwi inakazika na upepo hakuna. Ngoja. Acha mmoja aulize, "Kuna nini?" Ndipo joka litokee, nao warushe dadu ya pande 20 kuona nani anaishinda hofu. Aliyeshindwa, mhusika wake hawezi kulisogelea joka kwa hiari, na maadamu analiona, katika kila shambulio anarusha dadu mbili na kuchukua namba ndogo. Hapo inauma kweli, hasa mwenzake akiwa ameanguka miguuni pa joka. Ila kabla ya yote, muulize kila mmoja faraghani asichotaka kuguswa nacho; aliyefiwa majini usimpeleke ziwani.